Nyota pacha zilizobanana: maswali yenu

Darubini yangu ina kioo cha milimita 114. Itatenganisha nyota zilizokaribiana kiasi gani?

Chukua 116, gawa kwa kipenyo cha kioo chako. Jibu ni sekunde, ila za pembe, si za saa. Digrii moja ina 3,600. Kwako inatoka 1 na ushee. Kanuni hii ni ya Mwingereza William Dawes, wa karne ya 19, na inahusu nyota mbili zenye mwanga unaolingana. Moja ikimzidi mwenzake mbali, hesabu inavurugika. Jipime kwanza na Acrux, inayong'aa kuliko zote katika Msalaba wa Kusini: pacha wake wametengana sekunde 4 hivi, na mwanga wao haupishani sana.

Nikikuza mara 200 naona bonge linalochemka tu. Nimeuziwa kitu kibovu?

Sidhani. Darubini uliitoa nje saa ngapi? Kioo kilichotoka ndani na joto lake hupandisha hewa vuguvugu ndani ya bomba, na nyota inacheza kama unaitazama juu ya jiko. Itoe mapema, mimi huipa saa nzima. Usiielekeze juu ya mapaa wala lami iliyoshinda juani, na subiri nyota ipande juu, kwa sababu karibu na upeo wa macho unatazama kupitia hewa nyingi mno.

Kisha kagua vioo kama vimenyooka. Weka nyota katikati, zungusha fokasi kidogo tu hadi ivurugike. Utaona duara ndani ya duara, kama mawimbi ya jiwe lililodondoshwa kwenye beseni. Zikiegemea upande mmoja, rekebisha skrubu za kioo. Hayo yote yakikaa sawa, kazi iliyobaki ni kungoja. Hewa hutulia ghafla, pengine kwa sekunde mbili, na lile bonge linakuwa visahani viwili vyenye mstari mweusi katikati. Ndiyo maana mtu anayechungulia mara moja na kuondoka haoni kitu.

Nataka kumwona pacha wa Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku.

Na mimi pia, kila mwaka! Yuko umbali wa sekunde 11 hivi, lakini mwanga wake ni hafifu karibu mara 10,000, anamezwa. Mtengeneza darubini wa Marekani, Alvan Graham Clark, alimwona mwaka 1862 kwa lenzi ya inchi 18.5. Anza na nyota ya Rigel, yenye pacha hafifu pia: kazi ni ileile ila nyepesi zaidi. Jaribu jioni, wakati wa magharibi, anga likiwa bado na mwanga kidogo: ukali wa nyota kubwa unapungua.

Mawingu wiki nzima. Nikichelewa zitakuwa zimesogea?

Wiki haina neno. Pacha wa Alpha Centauri huzungukana kwa takriban miaka 80, wa Porrima 169. Lakini mwaka 2005 Porrima ilibana hadi darubini ndogo zikaiona nyota moja. Sasa zimeachana zaidi ya sekunde 3.