Mamangu kaacha samaki na mbaazi kwa ajili ya ripoti ya maabara

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mamangu ana miaka 58, tuko Kisauni. Alikua na uvimbe kwa titi la kushoto wakamtoa kinyama, mimi ndo nlibeba kichupa mpaka maabara, majibu yamekuja ni kansa. Imeandikwa ER chanya, PR chanya, HER2 2+. Daktari katwambia hizo ni protini na hio HER2 yataka kipimo chengine. Sasa jirani kamwambia kama ni protini basi asile protini, kaacha samaki, mayai, hata mbaazi hataki tena, ni mahamri na chai ya rangi tu na anakonda. Na hicho kipimo ni pesa, kweli ni lazima?
Binti yake, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, poleni sana. Kwanza mama ale, leo hii. Protini ya samaki ikifika tumboni inasagwa vipande vidogo vidogo mwili utumie kujijenga, haigeuki HER2 hata kidogo, na mtu anayengoja dawa kali na pengine upasuaji ndo anazihitaji zaidi. Jirani alitaka kusaidia lakini hapo amepotosha.

Protini za kwenye ripoti zinatengenezwa na seli zenyewe. ER na PR ni vipokezi vya homoni, ER inapokea estrojeni na ikishaipokea seli inaambiwa ikue. Kuwa chanya ni habari yenye nafuu manake kuna dawa za kuzuia hapo, mfano tamoksifeni, inaenda kukaa pale kama abiria aliyewahi kiti kwa matatu, estrojeni ikija haina pa kukaa. Ni tembe za kila siku, mara nyingi miaka 5 au zaidi, na haziachwi eti kwa sababu mtu anajisikia poa.

HER2 iko juu ya ngozi ya seli. Kila mtu anayo kiasi, shida ni pale jeni yake, yaani maelekezo ndani ya seli ya kuitengeneza, imejirudia nakala nyingi, protini inazidi na kansa inakimbia. Mwaka 1987 daktari Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha wagonjwa wa aina hii wanaumwa vibaya zaidi, na kutokana na kazi hio ikapatikana dawa ya trastuzumabu, ikaidhinishwa kule 1998, na tangu 2015 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hivo kitu kilichokua kinaogopesha sana sasa kina dawa yake.

Sasa hio 2+. Maabara wanakata kinyama kwa wembamba sana, wanatia rangi inayoshika HER2 peke yake, halafu daktari anaangalia na hadubini. 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, 2+ ni katikati, hawezi kukwambia ndio wala hapana. Kipimo cha pili kinahesabu nakala za jeni yenyewe. Ndio mwanangu, ni lazima, manake bila hicho mama anaweza kunyimwa dawa inayomfaa au mkauza hata dhahabu za nyumbani kununua dawa isiyomfanyia kitu, na trastuzumabu inaweza kugusa moyo ndo maana moyo unapimwa kabla.

Mara nyingi hakatwi tena. Kile kinyama kimehifadhiwa kwenye nta pale maabara, nenda na namba ya ripoti ukiombe, ni haki yake, kipelekwe kinakopimwa. Na uwaulize kilikaa kwa fomalini, yale maji ya dawa ya kuhifadhia kinyama, mda gani, inatakiwa kiingie ndani ya saa moja tangu kukatwa na kikae kati ya masaa 6 na 72, nje ya hapo rangi inaweza kudanganya. Ukumbuke pia kile kichupa ulichobeba, kilikua na maji ya dawa ndani au kilikua kikavu? Kama kilikua kikavu mwambie daktari kabla hamjalipa chochote, pengine yeye mwenyewe ataona afadhali kitolewe kinyama kipya.