Nilikimbia kilomita 10 nikiwa tembo hapa Mtwara, ukitaka kuvaa na wewe soma kwanza hii

Julai mwaka jana nilikimbia kutoka Shangani kuelekea Mikindani nikiwa ndani ya vazi la tembo, tulikuwa tunachangisha hela za uzio wa kuzuia tembo mashambani, na tangu hapo watu wananiuliza nilifanyaje maana na wao wanataka.

Jamani, kazi yote iko kichwani. Kichwa changu cha kwanza nilitengeneza kwa maboksi na gundi, kikapendeza kwelikweli, ila jasho la pwani mnalijua, zoezi la kwanza tu kilomita ya tatu boksi limelainika mkonga umeanguka kifuani. Nikaenda kwa fundi makochi akanikatia sponji ya godoro, akaivisha kitambaa cha kijivu, ndani tukashonea kofia ya ukindu ili hewa ipite, na sehemu ya mdomo tukaweka kipande cha chandarua, ndo unapoonea na kupumulia. Kilifika kama kilo 3 hivi. Kule London kuna watu wanakimbia marathoni nzima kwenye vazi la faru la karibu kilo 10, lakini kule hakuna jua la Mtwara, kwa hiyo wewe punguza uzito.

Zoea vazi mapema, mi nilikimbia nalo mara nne kabla ya siku yenyewe. Jipake mafuta ya mgando mapajani na kwapani, anza saa 12 asubuhi, na uwe na mtu wa kukimbia pembeni yako kwa sababu pembeni huoni kitu na bodaboda hazikusubiri.

Halafu jiandae kuongea. Ukiwa umevaa hivyo kila mtu anakusimamisha, na sio wote wanacheka. Kuna mama mmoja alinishika sikio la vazi akaniambia, "Mwanangu, mi kwetu Liwale, hawa walimaliza mahindi yangu usiku mmoja, na wewe unawachangia?" Nilivua kichwa, nikamsalimia vizuri, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Ndo nikamwambia kwenye hifadhi ya Selous miaka ya 70 tembo walikuwa zaidi ya laki moja, sensa ya 2013 wamebaki kama 13,000 kwa ajili ya ujangili, na hela hii inanunua kamba, oili chafu na pilipili ya kupaka uzio, pamoja na mizinga ya nyuki, maana tembo nyuki anawaogopa. Akauliza mzinga unakaa umbali gani na mwenzake, na pilipili mvua ikinyesha inakuwaje. Ya mvua nilimjibu, inabidi upake upya, ya mizinga nilishindwa, na nilijisikia vibaya sana. Kwa hiyo usiende na vazi tu, kaa kwanza na mkulima anayetumia huo uzio akuelekeze.

Kuhusu michango, Julai ni kipupwe, kukimbia ni raha ila mifukoni hakuna kitu. Chukua ahadi kwa daftari, jina na kiasi kwa kila kilomita, halafu pitia tena minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba huko. Mimi ahadi nyingi zililipwa Novemba.

Vazi langu bado lipo, anayetaka kuazima aseme, masikio tu ndo yanahitaji kushonwa upya.