Jibu: Leseni ya glaida na kuingia mawinguni

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama leseni ya glaida (ndege isiyo na injini) unayosomea Ujerumani inakuruhusu kuingia mawinguni. Hairuhusu peke yake; kuna kibali cha ziada. Kwa kanuni za Ulaya, ukishaipata leseni uruke kwanza saa 30 ukiwa rubani mwenyewe, ndipo usome nadharia na kuruka na mkufunzi si chini ya saa 2 kwa kutegemea vyombo vya ubaoni tu bila kutazama nje, kisha mtihani angani.

Hizo saa 2 ndizo roho ya mafunzo, omba uongezewe. Ndani ya wingu huoni upeo wa macho, na sikio, linalotupa hisia ya mizani, huhadaa: ndege ikizunguka taratibu kwa muda, mwili huhisi imenyooka. Ukiufuata mwili ukaacha vyombo vinavyoonyesha mgeuko na mwendo, duara hubana, kasi hupanda, mabawa yanaweza kukatika. Macho yabaki kwenye vyombo, hata tumbo likikataa!

Ili uendelee kukitumia kibali hicho, ndani ya miezi 24 iliyopita uwe umeruka mawinguni saa 1 au mara 5.

Ukirudi Pemba, mawingu ya radi ya masika usiyaguse kabisa. Na kwa wingu lolote, pata kwanza ruhusa ya waongoza ndege, maana ndege za abiria za Chake Chake hupita humo humo.