Loweka kwanza, mkasi baadaye

Wadogo zangu,

Jumamosi iliyopita mmoja wenu alikuja barazani kwangu na kitenge kipya, bado kimo kwenye mfuko wa duka, kinanuka Kariakoo. Kitenge kizuri kweli: manjano ya embe, bluu iliyoiva, na nyekundu ya pilipili. Niliingia ndani kumletea maji ya kunywa. Narudi, nakuta ameshakitandaza mkekani na mkasi umeshakula robo yadi. Nilipiga ukelele mpaka jirani akachungulia ukutani.

Naomba radhi kwa ukelele ule. Sikuwa namgombeza yeye. Niliiona mikono yangu mwenyewe ya miaka tisa iliyopita, na nitawaeleza mbele kidogo mikono ile ilifanya nini. Haya ni ya kushona kwilti, yaani mfuniko wa kitanda wa vipande vya kitambaa vilivyoungwa, vikashonwa pamoja na tabaka la kati na bitana. Kutia uzi, kujaza bobini na kushona mstari ulionyooka mmeshajua, kwa hiyo sitaanzia huko.

1. Robo inchi. Mliotoka kwenye magauni mmezoea kuacha nusu inchi, hata inchi nzima ubavuni, ili mwenye nguo akinenepa aachiwe. Kwilti hainenepi. Mraba wa inchi 5, ukishona robo inchi kila upande, unabaki na inchi 4 na nusu, na miraba 12 inakupa upana wa inchi 54. Mkono ukizidi kwa nusu ya robo tu kila upande, mstari huo huo wa miraba 12 unatoka na inchi 51. Mstari unaofuata umetulia, umekupa 54. Sasa inaunganaje? Hapo ndipo ninapowaona mnavuta, mnanyoosha, mnalazimisha, kisha mnaniletea kitu kimejikunja kama chapati iliyokaushwa na moto, mnasema cherehani mbovu. Cherehani nzima kabisa! Bandikeni plasta kwenye bamba, robo inchi kutoka sindano inaposhukia, na ukingo wa kitambaa uifuate.

2. Sindano namba 14 kwa kuunga vipande, namba 16 ukifika kwenye tabaka tatu, na ukianza kuisikia inagonga badala ya kupita kimya, itoe.

3. Ua kubwa liacheni liwe kubwa. Naona mnanunua kitenge chenye ua la ukubwa wa sinia, mnalipa bei yake, halafu mnalikata vipande vya inchi 3 mpaka ua halijulikani tena ni ua au moshi. Mchoraji alilichora ua lile lionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Mwacheni aseme alichotaka kusema. Kateni mraba mkubwa wa inchi 10 au 12, ua likae katikati, na vile vitambaa vya madoadoa na mistari ndivyo vikatwe vidogo kuzunguka. Kitenge chenye ndege au samaki kina juu na chini, kiwekeeni alama ya chaki kabla hamjakata. Mwenzenu mmoja alishona kwilti ya kitanda cha mtoto, miraba 20 ya kuku, na saba kati yao wamesimama kwa vichwa. Mtoto wa miaka minne ndiye aliyewagundua, na kila usiku akawa anawaombea wapone.

Mnaniuliza pia kama lazima mnunue waksi, kile kitenge kinachotiwa rangi kwa kuzuiwa na utomvu, ya bei kubwa. Waksi ilianza kwa Waholanzi kuiga batiki ya Java kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, ipo tangu 1846 na mpaka leo ina wachoraji wake. Utomvu hupigwa pande zote mbili za kitambaa, ndiyo maana rangi iko sawa nyuma na mbele, na ile mistari myembamba kama mishipa ni mahali utomvu ulipopasuka rangi ikapenya. Kwa gauni au kwa mtandio, uzuri huo wa pande mbili una maana. Kwenye kwilti upande wa nyuma umefichwa na bitana, hakuna atakayeuona maishani. Kitenge cha chapa ya upande mmoja, pamba tupu, kinatosha kabisa. Pesa iliyobaki nunueni mkasi wa pili, na ule wa kwanza usikate karatasi kamwe.

4. Khanga. Khanga mnaipenda kwa sababu pindo tayari ni fremu, na hapo nawaunga mkono. Lakini jina la khanga ama liingie zima ama lisiingie kabisa. Ukilikata, watu watasoma kilichobaki. Kuna kwilti ya mtoto mchanga niliyoiona kwenye sherehe ya kumtoa mtoto nje: khanga ilikuwa "Hasidi hana sababu", fundi amekata, na pembeni mwa kichwa cha mtoto likabaki neno moja tu, HASIDI. Bibi wa mtoto alilisoma kwa sauti. Sherehe ilinyamaza kwa muda ambao wali ulipoa.

5. Kuloweka. Hapa mnivumilie.

Miaka tisa iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea furushi. Mama yake mzazi alikuwa amefariki wiki mbili zilizopita. Ndani ya furushi mlikuwa na khanga nne za marehemu, zilizofuliwa mara nyingi mpaka zimekuwa laini kama ngozi ya sikio. Moja ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, aliyoolewa nayo. Moja ya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968, mji wa khanga yenyewe, pale katikati, umejaa michoro ya korosho, weupe wake umekuwa rangi ya maziwa, na jina lake bado linasomeka: "Wema hauozi". Mama yule alitaka kwilti moja, ikae kitandani kwake. Hakusema ya lini. Mimi ndiye niliyesema: itakuwa tayari siku ya arobaini, watu wakija kwenye hitma waione.

Mnaona kosa lilipoanzia. Hakuna aliyenikimbiza.

Nilikata polepole, nikiomba. Nilipofika kwenye fremu nikaona khanga peke yake zimepauka mno, zinahitaji kitu cha kuziinua. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kitenge chekundu kilichokolea, yadi tatu. Nilijua kwamba kitambaa kipya hulowekwa. Nilikuwa nimewaambia watu wengine hivyo hivyo, kwa mdomo huu. Lakini ilikuwa Jumatano jioni, mawingu yametanda, arobaini ni Jumamosi, na nikajiambia nitaifua kwilti yote ikishakamilika. Nikakata fremu usiku ule ule. Alhamisi saa sita usiku nikamaliza. Ilikuwa nzuri, wadogo zangu. Sijashona nzuri kama ile kabla wala baada.

Ijumaa asubuhi nikaona alama za chaki hapa na pale. Nikachukua beseni kubwa, maji, sabuni ya unga, nikaizamisha, nikaenda kupika. Nusu saa. Niliporudi, maji yalikuwa rangi ya juisi ya rozela.

Hata hapo ilikuwa bado inaokoleka, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Rangi iliyohama ikiwa bado mbichi inatoka: unaitumbukiza kwilti papo hapo kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni, unabadilisha, unabadilisha tena, haikauki hata dakika moja, mpaka maji yatoke meupe. Mimi nilifanya kinyume. Niliingiwa na hofu. Niliisuuza mara moja, nikaikamua, nikaianika juani nikitumaini jua litaifuta ile rangi, na ilipokauka nikaipiga pasi ya moto, labda haitaonekana sana. Jua na pasi ndivyo vilivyoikaza rangi. Weupe wa khanga ya korosho ulikuwa waridi. Kuzunguka lile neno "hauozi" palikuwa na ukungu mwekundu, umeanzia pembeni na kuingia ndani, kama doa la damu kwenye bandeji.

Niliipeleka hivyo hivyo. Nilifikiria kudanganya kwamba bado sijamaliza, nikashindwa. Mama yule alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele wa hitma. Nikamwamkia, nikaitandaza mbele yake, nikamweleza yote, hata la pasi. Hakuinua sauti. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, akasema, "Hii ndiyo alikuwa akinibebea mgongoni." Halafu akaniangalia. "Mwanangu, ungeniambia nisubiri. Mama hana haraka tena."

Nilirudisha pesa, akapokea nusu, nusu akanirudishia. Baada ya arobaini nikaomba anipe tena kwilti. Nikafumua fremu yote nyekundu mshono kwa mshono, siku kumi na moja, nikaweka bluu nzito niliyoiloweka mara nne. Waridi halikutoka. Lipo mpaka leo. Huwa naliona ninapokwenda kumjulia hali, na yeye huwa ananionyesha kitu kingine, mchicha wake, mjukuu wake, ili nisiliangalie.

Basi sikilizeni. Pamba mpya husinyaa, kwa kawaida asilimia 3 mpaka 5. Kwenye yadi 6 hiyo ni kama inchi 6 na nusu mpaka 11 zinazopotea, na vitambaa havisinyai sawasawa, kwa hiyo kwilti uliyoshona imenyooka itafuliwa mara ya kwanza na kukunjamana. Hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu. Ila kusinyaa hurekebishika, na rangi iliyochuja ikakaukia hairekebishiki. Khanga za watu mtaletewa, na mashati ya marehemu, na nguo za watoto waliokua. Vitambaa hivyo haviuzwi Kariakoo wala kokote.

Msitegemee chumvi wala siki kuizuia rangi isichuje. Najua mama zenu wamewafundisha, na wangu alinifundisha. Chumvi hutumika kwenye kutia rangi, kuisukuma iingie kwenye pamba. Rangi ya dukani ikishakuwa imelegea juu ya kitambaa, chumvi haiishiki. Kinachoiondoa ni maji ya moto, sabuni na subira. Kila rangi kwenye beseni lake. Nyekundu, bluu nzito na nyeusi mara tatu angalau. Kisha chukueni kitambaa cheupe kilicholowa, kiwekeni juu ya kitenge, pitisheni pasi. Kikitoka na rangi, rudini kwenye beseni. Hata kama arobaini ni kesho.

Kikishakauka kitakuwa kimelegea, hakikatiki vizuri. Tieni kanji nyepesi, pigeni pasi, kitarudi kuwa kama kipya.

6. Pasi inabonyezwa, haiburuzwi, na kila mshono unapigwa pasi kabla haujakutana na mwingine.

7. Bandi. Mnaruka bandi kwa sababu mnaona ni mishono ya kufumuliwa, kazi bure. Tabaka tatu bila bandi zinatembea kila moja kivyake, na ukifika katikati kuna tumbo la kitambaa ambalo haliendi popote. Pigeni bandi kila upana wa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni. Na kwa joto letu la Dar tabaka la kati lisiwe pamba nene ya kujazia; shuka kuukuu au blanketi jembamba lililochoka linatosha, mtu asijifunike akaamka ameloa jasho.

Wasio na cherehani wameniuliza kama wasubiri mpaka wanunue. Msisubiri. Huko Karnataka, India, wapo Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika, mababu zao walivushwa bahari, wengi kwa utumwa. Wanawake wao wanashona kwilti zinazoitwa kawandi kwa nguo kuukuu, kwa mkono mtupu. Hawaungi kwanza vipande kisha wapige mshono. Wanaanza na bitana, wanakunja ukingo wa kiraka, wanakilaza juu yake na kushona papo hapo, wakizunguka kutoka pembeni kuelekea katikati, mshono wa sindano unaopita matabaka yote kwa pamoja. Pembe nne humaliziwa kwa vipembetatu vya kitambaa vinavyoitwa maua, na kwao kwilti isiyo na maua iko uchi. Niliyaona kwenye picha kwa mara ya kwanza nikakaa kimya muda mrefu. Njia yao ndiyo ninayowafundisha mnaoanza bila mashine, na sidhani kama ni njia ya pili kwa ubora.

8. Mkanda wa kumalizia ukingo kateni mshazari pale tu mnapozunguka kona ya duara. Ukingo ulionyooka, kata moja kwa moja, msipoteze kitambaa.

Yule wa Jumamosi amenitumia picha jana usiku. Mabeseni matatu yamepangwa uani: la kwanza maji ni mekundu, la pili ni rangi ya chai ya rangi, la tatu unaona mpaka chini. Ile robo yadi iliyokwisha katwa ameiloweka pia, peke yake kwenye bakuli. Akaandika, "Dada, nianike au bado?" Nimemjibu bado, beseni la nne.