Wasomaji Wauliza: Kionga, kona ya Ruvuma iliyogombewa na Mjerumani na Mreno

*Swali: Nina ramani ya enzi za Mjerumani. Mpaka wa kusini unafuata mto Ruvuma, lakini unapokaribia bahari unauacha mto na kwenda moja kwa moja mashariki hadi karibu na Rasi Delgado. Je, mchoraji alikosea? (Msomaji, Mtwara)*

Hakukosea. Kuanzia 1894 hadi 1916 Wajerumani walishika kipande cha ardhi ng'ambo ya kusini ya Ruvuma, na vitabu vinakiita Pembetatu ya Kionga. Umbo hilo limetokana na mto wenyewe. Ruvuma unapomalizia safari yake unapanda kuelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukipiga mstari ulionyooka kutoka mtoni hadi baharini, kusini ya mlango wa mto, unapata pande tatu: mto, bahari na huo mstari. Mji wa Kionga, ambao leo Msumbiji inauandika Quionga, uko katikati ya mlango wa mto na Palma, mji ulio kwenye Ghuba ya Tungi.

*Swali: Nimesoma kwamba Ujerumani na Ureno zilikubaliana mwaka 1886 kuwa mpaka ni Ruvuma. Ujerumani ilipata wapi haki ya kuvuka? (Mwalimu wa historia, Lindi)*

Mwalimu, hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote. Ziweke hati za mwaka huo pamoja mezani, uzisome kwa kufuata tarehe.

Ya kwanza ni makubaliano ya Uingereza na Ujerumani, yaliyofungwa kwa barua za tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Hayo yalitambua kwamba pwani ya Sultani wa Zanzibar inaanzia mto Minengani, kwenye kichwa cha Ghuba ya Tungi, na kupanda hadi Kipini (leo pwani ya Kenya), kwa upana wa maili 10 za bahari kutoka alama ya maji kujaa. Tungi iko kusini ya Ruvuma. Kwa hati hiyo, basi, Kionga yote ilikuwa ya Sultani Barghash. Mreno hakuwamo katika tume iliyokagua pwani hiyo; walikuwamo Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa.

Ya pili ni azimio la Ujerumani na Ureno lililotiwa saini Lisbon tarehe 30 Desemba 1886, miezi miwili tu baadaye. Hilo linasema mpaka unafuata Ruvuma kuanzia mlango wake hadi unapoingia mto Msinje, kisha unakwenda magharibi hadi Ziwa Nyasa. Sultani hakutajwa wala hakuitwa. Ujerumani ilikuwa imesaini hati mbili ambazo haziwezi kukaa pamoja juu ya pwani ileile.

Ureno haikungoja. Februari 1887 manowari zake zilipiga mizinga Tungi na Minengani, na Tungi ikatwaliwa. Barghash alilalamika, lakini Uingereza na Ujerumani, zilizokuwa zimetambua pwani yake miezi michache nyuma, hazikumrudishia mji. Alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani, na mwaka 1890, wakati wa Sultani Ali bin Said, Ujerumani ikainunua moja kwa moja kwa mark milioni 4.

Ununuzi huo ndio uliofungua mlango. Berlin ilidai kwamba azimio la Lisbon liligawa maeneo ya Mjerumani na Mreno tu, halikugusa haki za mtu wa tatu, yaani Sultani. Na sasa haki hizo zimenunuliwa. Ureno ilikuwa na udhaifu wake pia: katika mkataba wake na Uingereza wa 1817, milki yake ya pwani ilitajwa kuwa kati ya Rasi Delgado na Ghuba ya Lourenço Marques (leo Maputo). Rasi Delgado, si Ruvuma. Hata mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 haukusaidia, maana unasema mpaka wa kusini unaanzia pwani "kwenye mpaka wa kaskazini wa Mkoa wa Msumbiji" bila kusema mpaka huo uko wapi. Pengo la namna hii ndilo la kutafuta kwanza kila unapowafundisha wanafunzi kusoma mkataba wa kikoloni: je, mstari unagusa bahari mahali gani hasa?

Mwaka 1894 Wajerumani walipandisha bendera Kionga, na mwaka huohuo, kwa barua za serikali mbili, mpaka ukawekwa kwenye latitudo 10°40' kusini, kutoka pwani hadi inapokutana na Ruvuma. Ni latitudo inayopita karibu kabisa na Rasi Delgado. Ureno ikabaki na Tungi na ghuba yake, Ujerumani ikachukua Kionga.

*Swali: Watu wa Kionga waliulizwa? (Msomaji, Maputo)*

La. Katika hati zote zilizotajwa hapo juu hakuna saini ya jumbe wala mzee wa Kionga. Wanaosema Kimakwe waliishi upande huu na ule wa mto, na bado wanaishi hivyo. Kwa miaka minane walihesabiwa raia wa Sultani, kisha watu wa Mreno, kisha wa Mjerumani, bila kuhama nyumba zao. Inauma kuona kwamba barua za mabalozi zinabishana juu ya mlango wa mto na rasi, na hazisemi neno juu ya watu hao.

*Swali: Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa nini Kionga haikuwekwa pamoja na Tanganyika? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno tarehe 9 Machi 1916, na Wareno wakaingia Kionga tarehe 10 Aprili. Kuuvuka mto kwenda kaskazini kuliwashinda mwezi Mei, na walipofika Newala baadaye mwaka huo walirudishwa nyuma. Kwenye mazungumzo ya Paris, Ureno iliyoongozwa na Afonso Costa ilitaka zaidi, lakini Mei 1919 wakuu wa washindi walikuwa wameipa Uingereza Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tarehe 25 Septemba 1919 Baraza Kuu la mataifa yaliyoshinda liliitambua Ureno kuwa mmiliki wa asili na wa haki wa pembetatu ile.

Angalia neno "asili". Ureno haikupewa udhamini, yaani kuisimamia nchi kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kama Uingereza kwa Tanganyika au Ubelgiji kwa Ruanda-Urundi. Mdhamini alipaswa kupeleka taarifa ya kila mwaka Geneva; Ureno haikudaiwa taarifa yoyote juu ya Kionga, kwa kuwa ilihesabiwa imerudishiwa mali yake. Kwa sababu hiyo Tanganyika ya 1961 haikurithi dai lolote hapo, na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, lilifunga mjadala.

*Swali: Nataka kuichora pembetatu kwenye ramani ya simu. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Mtwara)*

Weka alama kwenye mlango wa Ruvuma, karibu na 10°28' kusini. Kisha piga mstari wa mashariki–magharibi kwenye 10°40'. Tofauti ni dakika 12, na dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,852, kwa hiyo upande wa pwani una urefu wa takriban kilomita 22 kwenda kusini. Fuata mstari kuelekea magharibi mpaka ukutane na mto, nawe umeifunga pembetatu.

Kosa linalowapata wengi ni kuandika 10.40 badala ya 10°40'. Simu inataka desimali: 40 ugawe kwa 60, unapata 10.667. Ukiandika 10.40 umeandika 10°24', na mstari wako utaangukia kaskazini ya mlango wa mto, ndani ya Tanzania. Kosa la pili ni la maili: zile 10 za Sultani ni za bahari, yaani kilomita 18.5, wala si 16 za nchi kavu.

Mlango wa mto nao huhamahama kwa mchanga, kwa hiyo usishangae alama yako ikiachana kidogo na ramani ya zamani. Tanzania na Msumbiji zilipokubaliana mpaka wa baharini Desemba 1988, zilivuta mstari wa kufunga ghuba kutoka Ras Mwambo hadi Cabo Suafo, rasi mbili zisizohama. Ukimaliza, kagua kazi yako hivi: kivuko cha Kilambo kinapaswa kuwa nje ya pembetatu, Namoto na Quionga ndani, na Palma nje, upande wa kusini.