Kabla hujamwambia "soma kwa sauti"

Wadogo zangu mliokuja kujitolea kufundisha vijana walio kizuizini hapa Tabora, juzi nilimwona mmoja wenu akimsimamisha kijana wa miaka 16: "Haya, soma tusikie." Nilishtuka, maana kosa hilo nililifanya mimi. Ila kwanza madogo.

1. Fikeni mapema. Mkikuta wanahesabiwa, kipindi kimeliwa.

2. Pimeni KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) mmoja mmoja, pembeni. Aliyejiandikisha "darasa la saba" anaweza kukwama kwenye mbw na nyw.

3. Kitabu cha darasa la kwanza kiacheni kabatini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, lakini mwenyewe ameshaota ndevu.

Nilikuwa na kijana mmoja mchangamfu. Nikampa kitabu cha picha, akasoma ukurasa mzima kama maji, kidole kikifuata mistari. Kisha nikaona kidole kiko mstari wa tatu, sauti iko wa nne. Alikuwa amekaririshwa na mwenzake. Badala ya kunyamaza, nikafunua ukurasa mwingine: "Na hapa?" Kimya. Halafu darasa zima likacheka. Akafunga kitabu taratibu, akaniwekea mezani kwa mikono miwili, akaenda kukaa. Wiki tano hakuja. Kila akiitwa, kichwa kinamuuma. Ana kesi, mama yake yuko mbali, alichobaki nacho mbele ya wenzake ni heshima tu. Nami nikamnyang'anya kwa maneno mawili. Mpaka leo naliona lile jicho lake.

Kumbembeleza hakukusaidia. Nilikumbuka aliwahi kutaja kwamba alikuwa akiuza karanga stesheni ya Kaliua. Nikaandika kwenye vipande vya boksi: Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kigoma. Nikavichanganya mezani, nikaendelea na wengine. Akapita, akasimama. "Hizi si stesheni, mwalimu?" Zipange basi. Akaokota Kaliua kwanza. Alilijua kwa umbo, miaka yote alikaa chini ya kibao chake. Kwenye ka-li-u-a tukapata kaa, lia, kalia. Mb ya Urambo ikazaa mboga, ng ya Nguruka ikazaa nguo. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua Nguruka inafuata wapi.

4. Msiulize kosa lake. Mwulizeni kazi aliyokuwa akifanya. Silabi zenu zimo humo.

5. Kila kipindi kiishe na kitu anachoweza kusoma peke yake, hata maneno matatu. Hamjui kama mtamwona tena: kuna anayerudi kwa wazazi, kuna anayepelekwa shule ya maadilisho, ya watoto waliopatikana na hatia, Irambo kule Mbeya. Wa Kaliua aliitwa mahakamani Jumatatu moja, kitanda chake kikapata mwingine.

Vile vipande vya boksi viko kwenye droo yangu. Uvinza kimechanika pembeni. Vichukueni, ila mvirudishe.