Nikiandika Wayao inatoka Wazao

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nipo Masasi huku mkoa wa Mtwara, nina kiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi. Nimenunua laptop ya mtumba imetoka Ujerumani, ilikuwa nzito nikashauriwa niweke Linux Mint, ule mfumo wa kompyuta wa bure unaokaa badala ya Windows, nikainstoo mwenyewe ikakubali. Shida kibodi, nikiandika Wayao inatoka Wazao, mazao ya korosho yanakuwa mayao za korosho, na ng'ombe ndo kabisa ile alama siipati. Nirudie upya?

JIBU: Usirudie dada, hujaharibu kitu. Kibodi ya Kijerumani ina Z juu kati ya T na U halafu Y ipo chini kushoto karibu na Shift, ya Kimarekani ni kinyume chake. Wakati wa kuinstoo ulipoulizwa mpangilio wa kibodi nadhani ulipiga endelea tu, wengi wanafanya hivyo, ikabaki Kimarekani. Laptop haioni kilichochapwa juu ya kitufe, inajua nafasi yake tu. Na hapa ndo watu wanapochanganya, wanadhani wanaulizwa wanaongea lugha gani, kwenye orodha kipo hata Kiswahili cha Tanzania lakini wewe kiache, fuata kilichoandikwa kwenye vitufe vyako, yaani German. Menyu zako hazitageuka Kijerumani, usiogope.

Ila kabla ya yote paswedi! Kama ulibonyeza mzee2020 mashine ilihifadhi myee2020, sasa ukishabadili kibodi ukaandika mzee itakukatalia na utalia bure. Fungua terminal (lile dirisha la kuandikia amri), andika passwd, weka mpya isiyo na y wala z wala alama yoyote, herufi za kawaida na namba tu.

Halafu andika setxkbmap de, inabadilika hapohapo. Hiyo inapotea ukizima mashine, kwahiyo fungua menyu uingie Keyboard, Layouts, ongeza German uipandishe juu. Ukitaka na sehemu ya kuingilia ifuate, terminal tena: sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, chagua German.

Ng'ombe sasa: shikilia Shift ubonyeze kile chenye # pembeni ya Enter. Ile alama iliyo jirani na Backspace inafanana lakini siyo, yenyewe inasubiri herufi, ukifuatisha e unapata é.

Siku ukimwekea mtu mwingine, ukurasa ule wa kibodi una kisanduku cha kujaribia, andika Wayao na ng'ombe humo kabla hujaendelea.